Kumpeleka mtoto kuvua kwa ndoano Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wazazi na walezi wa Kigoma mjini, Ujiji, Uvinza na hata Kasulu, ambao mtoto wao amewasumbua hadi wamekubali kumpeleka Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa Kibirizi anayeingia majini usiku na taa hatapata jipya hapa. Tunazungumzia fimbo, mshipi, ndoano moja na mtoto mmoja au wawili, asubuhi moja ya Jumamosi.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Miaka mitano au sita inatosha, kama ukimwambia "simama" anasimama. Hicho ndicho kipimo changu, kuliko tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka tisa anayekimbia kila anapoitwa bado hajafika. Wa miaka mitatu unaweza kumpeleka akatazame, mkono wake ukiwa ndani ya wako muda wote, lakini ndoano usimpe.

Watoto wawili kwa mtu mzima mmoja, basi. Ukiwa na watatu tafuta shangazi au mjomba wa kukusindikiza, na huyo msaidizi awe mtu anayejua kuogelea.

Je, na mimi nivue pembeni yake?

Hapana. Hapa ndipo wazazi wengi wanaponipinga, hasa akina baba, lakini sibadilishi jibu. Mtu mzima aliyeshika mshipi anaangalia mshipi. Mtoto akiteleza, wewe uko na ngege wako (samaki wa jamii ya perege). Siku ya mtoto ni ya mtoto: kazi yako ni kufungua mshipi ulionasa, kuvika chambo, kutoa samaki kwenye ndoano na kuhesabu vichwa. Ukitaka kuvua, nenda kesho yake peke yako.

Na usimnyang'anye fimbo samaki anapovuta. Najua mikono inawasha. Akimkosa, amemkosa yeye.

Twende na mtumbwi au tukae nchi kavu?

Nchi kavu, kwa msimu mzima wa kwanza. Tanganyika si bwawa. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, kama mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na urefu wake unakaribia kilomita 670. Upepo una nafasi ya kukimbia mbali sana kabla haujakufikia. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi ambayo wavuvi wazoefu wenyewe wanayakimbia, na asubuhi iliyoanza kama kioo isimdanganye mtu.

Ziwa hili pia halina huruma ukingoni. Sehemu za mchanga huteremka polepole, lakini penye miamba, hatua chache tu na maji yamempita mtu mzima. Kwa hiyo hata nchi kavu mvalishe mtoto jaketi okozi linalomtosha, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La mtu mzima litampanda kichwani na kumwacha chini. Beba pia dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita kumi hivi. Mtu akianguka unamrushia dumu, analikumbatia, unavuta. Watu wengi wanazama wakimfuata mwenzao aliyezama.

Pazuri ni wapi?

Unatafuta mahali penye mchanga au changarawe, pameinuka kidogo, panapoonekana pande zote, na mawe machache ndani ya maji ambako samaki wadogo wanajificha. Fukwe za upande wa Katonga na Bangwe zina sehemu za namna hiyo. Zile fukwe za hoteli na za kulipia kiingilio ni nzuri kwa wanaoanza kwa sababu kuna choo, kivuli na mtu wa kumuuliza. Uliza kwanza kama wanaruhusu kuvua, maana penye waogeleaji ndoano haitakiwi.

Mialo (fukwe za kupakulia samaki) yenye shughuli, kama Kibirizi wakati boti za dagaa zinaingia, iache. Kuna kamba, injini, watu wanaokimbia na masufuria, na mtoto wako atakuwa njiani. Mpeleke siku nyingine akatazame tu, ni somo zuri.

Mahali ulipopajua utotoni pakague upya. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, yakala fukwe na misingi ya nyumba. Visiki, nondo na kuta zilizozama ziko pale ambapo zamani palikuwa nchi kavu, na zinakula ndoano na kukata miguu. Mtoto avae raba, asiende peku.

Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa. Usivue ndani yake.

Mamba je? Na viboko?

Wapo. Hatari zaidi ni midomo ya mito na penye matete: delta ya Luiche kusini ya Ujiji, Malagarasi kuanzia Ilagala hadi inakoingia ziwani, na mabwawa yote ya Malagarasi huko ndani. Huko usimpeleke mtoto kuvua kwa miguu, hata wenyeji wakikuambia wao wanachota maji hapo kila siku.

Kwingineko, uliza kila safari. Tafuta mtu mzima anayeshona nyavu: "Shikamoo mzee. Hapa mamba ameonekana siku hizi?" Akisita kujibu, chukua watoto wako muondoke. Mkivua, mtoto akae hatua tatu au nne nyuma ya maji, fimbo ndefu inatosha kufika. Msisafishe samaki ukingoni na kutupa matumbo pale pale. Ondokeni kabla giza halijaingia.

Ziwa lina pia nyoka wa majini, jamii ya swila, anayekula samaki na kupenda mapango ya miamba. Ana sumu kali ila si mgomvi. Kanuni ni moja: mkono wa mtoto usiingie kwenye upenyo wa jiwe asioona mwisho wake, hata kama ndoano imenasa humo. Kata mshipi.

Nimesikia ziwa lina kichocho. Ni kweli?

Ni kweli, mwambao wa Kigoma na Ujiji umo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya aliyeingia majini. Si lazima kuyanywa. Konokono hupenda maji yaliyotulia na yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi jua linapopanda, mchana kuliko alfajiri. Mahali panapopigwa na mawimbi pana hatari ndogo, ila usiseme hakuna.

Uvuvi wa fimbo una bahati hapa: hauhitaji kulowa. Beba dumu la maji safi ya kunawia mikono, na umkatalie mtoto kutembea majini "kidogo tu". Kama aliingia, apimwe kwenye kituo cha afya baada ya wiki sita au zaidi, maana ukipima mapema mno mayai ya kichocho hayajaanza kuonekana. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na ndiyo hiyo hugawiwa mashuleni kwenye kampeni.

Je, nahitaji leseni?

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zilizorekebishwa baadaye. Pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya siku yenyewe, eleza kuwa ni mtoto na fimbo, wakuambie unachotakiwa kuwa nacho. Ukifika ufukweni jitambulishe kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinacholinda mwalo. Kusalimia hakugharimu kitu na kunakupa ulinzi.

Kubwa zaidi ni kipindi cha kufunga ziwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kwa hiyo ukipanga likizo ya Juni, uliza kwanza. Mtoto aelezwe sababu, anaielewa haraka kuliko watu wazima.

Vifaa gani vya kuanzia?

Vichache. Fimbo ya mwanzi au tete nene, ndefu mara moja na nusu ya kimo cha mtoto, nyepesi kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Mshipi wa nailoni mwembamba, urefu sawa na fimbo au ukizidi kidogo. Ukimpa mrefu kuliko hapo atavua nguo za wenzake. Maji ya Tanganyika ni maangavu sana, na mshipi mnene samaki anauona kabla ya chambo.

Ndoano ndogo. Dukani zinauzwa kwa namba na namba ikikua ndoano inapungua, jambo linalowachanganya wengi. Mwambie muuzaji unataka ya samaki wadogo wa mawe, akuonyeshe. Ukifika nyumbani shika plaizi, bana kile kijino cha nyuma ya ncha hadi kilale. Utapoteza samaki wachache, lakini ndoano ikiingia kwenye kidole itatoka kama ilivyoingia.

Boya: kipande cha ndala iliyokatika, ukubwa wa kidole gumba, kimetobolewa katikati. Rangi nyekundu au njano mtoto anaiona vizuri. Uzito: nati ndogo inatosha. Risasi za kuvulia zinauzwa, ila watoto wana tabia ya kuzibana kwa meno, na madini ya risasi ni sumu.

Mashine za kukunja mshipi, zile za kizungu, ni za baadaye. Mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kijiti nao ni mzuri, ila asijifunge kidoleni hata mara moja.

Kofia, maji ya kunywa, na chakula. Mihogo ya kukaanga au karanga. Njaa ndiyo humaliza safari nyingi, wala si ukosefu wa samaki.

Fundo la ndoano linafungwaje?

Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoano. Uzungushe mara tano kwenye mshipi wenyewe. Rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu, lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka likaze, kata mkia. Nailoni ikikazwa kavu inajikata kwa joto la msuguano. Mfundishe nyumbani kwa kamba ya katani na pete ya funguo, usiku wa kabla, ufukweni hatakusikiliza.

Chambo gani?

Nyungunyungu. Chimba chini ya migomba au pale maji ya bafu yanapotokea, hata kiangazi hawakosekani. Mtoto awachimbe mwenyewe. Kwa wengine hiyo ndiyo sehemu tamu ya safari nzima. Vika kipande kifupi, kinachofunika ncha tu, kwani mnyoo mrefu huliwa mkia na kubaki ndoano.

Asiyetaka kushika minyoo atumie ugali uliolala, uliokandwa hadi ushike, kidonge cha ukubwa wa punje ya maharage. Ngege na wenzake wanaukubali. Dagaa mbichi ni chambo cha samaki walao wenzao.

Chandarua kilichochakaa si kingewarahisishia?

Ni kosa la kisheria. Chandarua, sumu, baruti na kokoro (wavu wa kukokota) vyote vimepigwa marufuku, vinazoa hata watoto wa samaki. Hata kwa mchezo, hapana.

Je, tunaweza kupata dagaa au mgebuka kwa fimbo?

Dagaa, hapana. Wanakula vijidudu vinavyoelea kwenye maji ya wazi, na wavuvi huwavuta kwa taa usiku, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kamili mialo hupoa. Mgebuka naye huwafuata dagaa huko huko mbali. Sangala pia si wa ukingoni.

Mtakaopata ni samaki wadogo wa mawe, jamii ya siklidi, ndugu wa ngege. Ziwa lina aina zao zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Baadhi husafirishwa nje wakiwa hai kama samaki wa mapambo. Mtoto wa Bangwe anawaita vidagaa vya mawe na kuwadharau, kumbe mtu wa Ujerumani anawawekea taa sebuleni. Mwambie mtoto hilo, kisha umwonyeshe michirizi yao. Kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote, naye ni wa humu humu.

Akiuliza kama kuna samaki chini kabisa, jibu ni hapana. Chini ya takribani mita 100 hadi 200 maji hayana hewa ya kutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa haina samaki kabisa. Swali hilo huulizwa sana, ajabu hata watu wazima hawajui.

Saa ngapi, na kwa muda gani?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Jua bado, upepo bado, kichocho kiko chini. Jioni ni nzuri kwa samaki lakini mbaya kwa mbu.

Muda wa saa moja na nusu watosha kwa mara ya kwanza. Ondokeni mtoto akiwa bado anataka kubaki.

Boya halizami. Tumekaa saa nzima.

Angalia kivuli chenu kwanza. Kwenye maji maangavu hivi samaki anamwona mtu aliyesimama, basi mtoto achuchumae na jua lisiwe mgongoni kwake. Pili, punguza au ongeza kina: sogeza ndala juu au chini kiganja kimoja. Tatu, angalia chambo, huenda kimeliwa zamani. Nne, sogeeni hatua ishirini. Samaki wa mawe hawahami, kila mmoja ana jiwe lake. Kama hawapo hapa hawatakuja.

Vyote vikishindikana, geuza safari. Kuokota magamba matupu ya konokono nchi kavu, kutazama ndege mdiria akipiga mbizi, kurusha mawe. Usimwambie "leo tumekosa" kwa sauti ya msiba.

Amepata! Sasa nifanye nini?

Lowesha mikono ndipo umshike, mkono mkavu unatoa ute unaomlinda samaki. Kama hamli, arudishwe ndani ya muda mfupi.

Tazama mdomo. Ngege jike, na siklidi wengi wa ziwa hili, huatamia mayai na watoto mdomoni. Akitema vijidudu vidogo au mayai ya njano, huyo ni mama: mrudishe taratibu hapo hapo. Hakuna mtoto niliyemwona akibisha baada ya kushuhudia hilo.

Kambale na ndugu yake gogogo wana miiba pembeni mwa mapezi inayochoma vibaya, wewe ndiye uwashike, kwa kitambaa. Kuna kambale mnene, laini, asiye na pezi refu mgongoni, mdomo mnene: huyo ana umeme. Usimguse, wala kwa fimbo iliyolowa, kata mshipi. Na akitoka samaki anayejivimbisha kama mpira, ni bunju wa maji baridi. Ana meno ya kukata kidole na nyama yake ina sumu. Asiliwe, hata paka asipewe.

Ndoano imemchoma mtoto.

Kama ulibana kijino na imeingia kidoleni juu juu, irudishe kwa njia iliyoingilia, osha kwa sabuni na maji safi, kisha ulizia chanjo yake ya pepopunda. Ikiwa imezama, iko karibu na jicho, usoni au kwenye kiungo, usiivute. Kata mshipi, funika bila kugandamiza, nenda hospitali. Mjini ni Maweni. Ili isitokee, kanuni ya kurusha ni kubembeza kutoka chini kwenda mbele, kamwe si kupitisha fimbo juu ya kichwa.

Majirani wanasema namfundisha utoro na kazi za mwaloni.

Hofu yao ina mizizi. Kigoma kuna watoto walioacha darasa wakaenda kubeba makasia, na kila mtu anamjua mmoja. Ndiyo maana tunakwenda Jumamosi au likizo, na samaki hauzwi. Siku utakapomwambia mtoto "leta wa kutosha tukauze", majirani watakuwa wamesema kweli. Mabinti waende vilevile. Uvumilivu wa kutazama boya wengi wanao kuliko kaka zao.

Sisi tuko Tabora, hatuna ziwa.

Mna mabwawa, na kwa mtoto anayeanza bwawa ni rahisi kuliko Tanganyika. Perege na kambale wanapenda minyoo na ugali. Bwawa la maji ya mji kama Igombe lina mamlaka yake, omba ruhusa. Kichocho huko ni tishio kubwa zaidi kwa kuwa maji yametulia, na kingo za udongo zinateleza baada ya mvua. Mto Ugalla una mamba na viboko, usianzie huko.

Tuwale?

Mkipata wakubwa wa kutosha, ndiyo, na mtoto ashiriki kuparua magamba nyumbani. Wapake chumvi na ndimu, wakaange wakauke, au wapike kwa mawese na nyanya, ugali wa muhogo pembeni. Samaki wadogo wa mawe wana miba mingi myembamba: kwa mtoto wa chini ya miaka sita chambua mwenyewe kwa vidole, juu ya sahani nyeupe, kwenye mwanga.